Shule za Marekani na Fedha za Serikali Kuu

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Sogeeni karibu na redio, na kila mtu awe na daftari na penseli, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Somo hili limepigwa chapa pia, ili yule asiyesikia vizuri au aliyechelewa kutoka shambani aweze kulisoma pole pole.

Leo tutazungumza juu ya shule za Marekani. Huenda mmoja wenu akauliza: "Shule za Marekani zinatuhusu nini sisi?" Ni swali zuri. Kila mzazi angependa kujua jambo hili: serikali iliyo mbali inapobadili sheria, au inapoongeza fedha na kuzipunguza, ni nini kinachotokea katika darasa la mtoto? Katika Marekani hesabu za jambo hilo zimeandikwa wazi, na tunaweza kuzisoma. Tukizielewa, tutaweza kuuliza maswali ya maana popote tulipo.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: Serikali Kuu, jimbo, wilaya ya shule, sharti. Darasa lisome kwa sauti moja. Haya, tuendelee.

NANI MWENYE SHULE?

Marekani ni nchi ya majimbo 50 yaliyoungana. Serikali Kuu iko Washington. Huko wako Rais, Bunge linaloitwa Congress, na Mahakama Kuu. Lakini kila jimbo lina serikali yake pia, na gavana wake, na bunge lake.

Sasa, katiba ya nchi iliyoandikwa mwaka 1787 haina hata neno moja juu ya shule. Na mwaka 1791 katiba ile iliongezewa kifungu kinachosema kwamba madaraka ambayo Serikali Kuu haikupewa ni ya majimbo, au ni ya watu wenyewe. Kwa hiyo shule ni kazi ya majimbo. Majimbo nayo yameigawa kazi hiyo kwa wilaya za shule. Wilaya ya shule ni eneo lenye halmashauri yake, ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura na wakazi. Halmashauri huajiri mkuu wa elimu wa wilaya, huajiri walimu, hujenga madarasa na kupanga matumizi ya mwaka. Nchi nzima ina wilaya za shule karibu 13,000. Nyingine ni kubwa kama ile ya jiji la New York, na nyingine zina shule moja tu. Jimbo la Hawaii lina wilaya moja kwa jimbo zima.

Je, fedha zatoka wapi? Zatoka katika mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa wilaya yenyewe, na fedha zake nyingi ni kodi ya nyumba, viwanja na mashamba. Mfuko wa pili ni wa jimbo. Mfuko wa tatu ni wa Serikali Kuu. Katika mwaka wa shule wa 2018 hadi 2019, kwa kila dola 100 za shule za umma, wilaya zilitoa kama dola 45, majimbo kama dola 47, na Serikali Kuu kama dola 8.

Mtu akisikia hivyo atasema, "Dola 8 katika 100! Hizo ni kidogo. Washington ikibadili shauri lake, shule hazitaona kitu." Ndugu, hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Tuchukue penseli zetu.

WILAYA MBILI ZA MJI MMOJA

Katika jimbo la Texas kuna mji uitwao San Antonio. Ndani ya mji huo ziko wilaya kadha za shule. Tutazame mbili, Edgewood na Alamo Heights, kama zilivyokuwa katika mwaka wa shule wa 1967 hadi 1968. Hesabu zake ziliandikwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi.

Edgewood ilikuwa wilaya ya watu maskini. Wakazi wake wengi walikuwa wa asili ya Mexico. Nyumba zao zilikuwa za thamani ndogo, na viwanda na maduka makubwa vilikuwa vichache. Alamo Heights ilikuwa wilaya ya matajiri, yenye nyumba za thamani kubwa.

Watu wa Edgewood hawakuwa wavivu wa kulipa kodi. Kwa kila dola 100 za thamani ya mali, wao walitoza dola 1 na senti 5. Watu wa Alamo Heights walitoza senti 85 tu. Maskini alijitoza zaidi kuliko tajiri. Lakini kodi kubwa juu ya kibanda haiwezi kushinda kodi ndogo juu ya jumba. Baada ya kila wilaya kutoa fungu lake katika mpango wa jimbo, kodi ya Edgewood ilibakiza dola 26 kwa kila mwanafunzi. Kodi ya Alamo Heights ilibakiza dola 333.

Mwalimu, andika hesabu hizi ubaoni.

Edgewood: kodi ya wilaya dola 26, mpango wa jimbo dola 222, Serikali Kuu dola 108. Jumla dola 356 kwa mwanafunzi mmoja.

Alamo Heights: kodi ya wilaya dola 333, mpango wa jimbo dola 225, Serikali Kuu dola 36. Jumla dola 594 kwa mwanafunzi mmoja.

Sasa tujaribu jambo moja. Tuseme kwamba asubuhi moja Washington inafunga mfuko wake. Alamo Heights itapoteza dola 36, nayo itabaki na dola 558. Watasikitika kidogo, kisha watoto wataendelea kusoma. Edgewood itapoteza dola 108, nayo itabaki na dola 248. Katika kila dola, Alamo Heights imepoteza senti 6. Edgewood imepoteza senti 30.

Mmeona? Zile dola 8 katika 100 ni hesabu ya nchi nzima iliyochanganywa pamoja, maskini na tajiri. Fedha za Serikali Kuu hazigawanywi sawasawa. Nyingi zimewekwa kwa makusudi ili ziwafikie watoto wa maskini, watoto wenye ulemavu, na watoto wanaojifunza Kiingereza. Kwa hiyo kila badiliko la Washington hupiga hodi kwanza katika nyumba ya maskini, liwe la heri au la shari. Hilo ndilo neno kubwa la somo letu la leo. Liandikeni.

Wazazi wa Edgewood hawakunyamaza. Mwaka 1968 walifungua kesi, na aliyetajwa mbele yao alikuwa Demetrio Rodriguez, fundi wa bati. Walisema si haki elimu ya mtoto itegemee thamani ya nyumba za jirani zake. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi ilitoa hukumu. Waamuzi watano waliwakataa, wanne waliwakubali. Wale watano walisema kwamba katiba ya nchi haikuiweka elimu kuwa haki ya kudaiwa mbele ya mahakama hiyo, na kwamba jambo hili ni la majimbo. Basi watu wa Edgewood walirudi katika mahakama za jimbo lao, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Texas ilisema kwamba mpango ule wa fedha ulivunja katiba ya jimbo. Kutoka mwaka 1968 hadi 1989 ni miaka 21. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kesi ilipoanza alikuwa tayari ni mtu mzima.

FEDHA NA SHARTI

Sasa tutazame lile neno la nne ubaoni: sharti. Ikiwa shule si kazi ya Serikali Kuu, Washington hupataje sauti ndani ya darasa? Hupata kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni sheria na hukumu za kulinda haki za raia. Njia ya pili ni kutoa fedha na kusema: "Atakayezipokea afuate masharti haya."

Mfano mkubwa ni huu. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma kunavunja katiba. Hukumu ilikuwa wazi, lakini wilaya nyingi za kusini hazikuitii. Mwaka 1957, katika mji wa Little Rock, Rais Eisenhower alilazimika kupeleka askari wa jeshi ili wanafunzi weusi tisa waingie shuleni. Katika jimbo la Virginia, wilaya ya Prince Edward ilifunga shule zake zote za umma tangu mwaka 1959 hadi 1964, ili weusi na weupe wasikae pamoja. Hata kufikia mwaka 1964, katika majimbo ya kusini, mtoto mweusi kama 1 tu katika kila 100 alikuwa anasoma pamoja na weupe.

Kisha zikaja sheria mbili. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilisema kwamba fedha za Serikali Kuu zisiende mahali penye ubaguzi wa rangi. Na tarehe 11 Aprili 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya elimu iliyotoa fedha nyingi kwa shule zenye watoto wa maskini. Johnson alikuwa amepata kuwa mwalimu wa watoto wa asili ya Mexico katika mji mdogo wa Cotulla, Texas, naye aliujua umaskini wa darasani. Sheria ile aliitia sahihi penye shule ya zamani aliyoisoma utotoni, na mwalimu wake wa kwanza alikaa karibu naye.

Ziunganisheni sheria hizi mbili. Ya kwanza inasema, "Ukibagua, hupati." Ya pili inaleta kitu kizito cha kupatikana. Kabla ya mwaka 1965 tishio la kunyimwa fedha lilikuwa dogo, maana fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Baada ya hapo, halmashauri za wilaya zilianza kufanya hesabu. Fedha hizo, pamoja na amri za mahakama, zilifungua milango ambayo hukumu peke yake haikuweza kuifungua kwa miaka kumi.

SHARTI KUBWA KULIKO FEDHA

Lakini sharti laweza pia kuwa kubwa kuliko fedha iliyokuja nalo. Mwaka 1975 Congress ilipitisha sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Wakati huo watoto zaidi ya milioni moja wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Sheria ilisema: kila mtoto wa namna hiyo apewe elimu inayomfaa, bila malipo. Ni sheria njema, nayo iliwatoa watoto wengi majumbani.

Congress ilijua kwamba kumfundisha mtoto asiyeona au asiyesikia kunahitaji fedha zaidi. Basi ikaweka shabaha kwamba Serikali Kuu itatoa mpaka sehemu 40 katika 100 za wastani wa gharama ya mwanafunzi. Wahenga wamesema, ahadi ni deni. Tangu mwaka ule hadi 2025, Serikali Kuu haikuifikia shabaha hiyo. Wilaya nayo haiwezi kumwambia mzazi, "Mrudishe mtoto nyumbani, Washington haijalipa." Sheria inamlinda mtoto. Kwa hiyo wilaya hulipa, na fedha hutolewa katika mifuko mingine, pengine ya vitabu, pengine ya kutengeneza paa.

Mfano mwingine ni mitihani. Mwezi Januari 2002 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria iliyotaka wanafunzi wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka tangu darasa la tatu hadi la nane, na mara moja katika shule ya sekondari. Ilitaka pia ifikapo mwaka 2014 wanafunzi wote wafikie kiwango kilichowekwa. Sheria hiyo ilikuwa na faida yake: wilaya zililazimika kuonyesha matokeo ya watoto maskini, weusi, na walemavu kwa makundi, wala hazikuweza tena kuwaficha ndani ya wastani wa shule nzima. Lakini shule zilizopokea fedha za watoto maskini ndizo zilizopewa adhabu zisipopanda. Walimu wengi walilalamika kwamba masomo yasiyo na mtihani yalisukumwa pembeni. Mwaka 2015 Congress iliibadili sheria hiyo. Mitihani ilibaki, lakini uamuzi wa namna ya kuzisaidia shule dhaifu ulirudishwa kwa majimbo. Basi wilaya zilizokuwa zimejipanga kwa miaka 13 kufuata kanuni moja zikaanza kujifunza nyingine.

FEDHA ZENYE MWISHO

Sasa tuje karibu na siku zetu. Wakati wa ugonjwa wa korona, Congress ilipitisha sheria tatu, katika Machi 2020, Desemba 2020 na Machi 2021, zilizozipa shule jumla ya dola bilioni 190 hivi. Haijapata kutokea Serikali Kuu kutoa fedha nyingi namna hiyo kwa shule kwa muda mfupi. Na kwa kuwa zilifuata hesabu ya watoto maskini, wilaya maskini zilipata nyingi zaidi.

Lakini fedha zile zilikuwa na tarehe. Fungu la mwisho lilitakiwa liwe limepangiwa kazi kabla ya kwisha kwa Septemba 2024. Wilaya iliyotengeneza madirisha na mitambo ya hewa ilibaki na madirisha na mitambo yake. Wilaya iliyoajiri walimu wa ziada na wauguzi ilibaki na mishahara ya kulipa kila mwezi, na mfuko mtupu. Hapa nataka mfikiri vizuri. Yule aliyeajiri hakufanya upuuzi, kwa sababu watoto walikuwa wamekosa masomo na walihitaji mwalimu. Tatizo ni kwamba mahitaji ya mtoto hayana tarehe ya mwisho, na fedha ile ilikuwa nayo.

Mwaka 2025 ulileta mabadiliko mengine. Wizara ya Elimu ya Serikali Kuu ilianza kazi mwaka 1980. Haina shule zake. Kazi zake ni kugawa fedha, kulinda haki za wanafunzi, na kukusanya hesabu za elimu. Mwezi Machi 2025 Wizara ilitangaza kupunguza karibu nusu ya watumishi wake, na tarehe 20 ya mwezi huo Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuanza kuifunga. Wanaoiunga mkono amri hiyo husema kwamba elimu ni ya majimbo na wazazi, na kwamba Washington imejaza karatasi na kanuni. Wanaoipinga huuliza: nani atamlinda mtoto maskini na mtoto mwenye ulemavu pale jimbo lake litakapomsahau? Wizara iliundwa kwa sheria ya Congress, na kuifuta kabisa kunahitaji Congress pia.

Kisha likatokea jambo la Julai. Kila mwaka, tarehe 1 Julai, majimbo huanza kupokea fedha fulani zilizokwisha kupitishwa na Congress. Mwaka 2025, siku moja kabla ya tarehe hiyo, yaliambiwa kwamba dola bilioni 6.8 hivi zimezuiliwa kwanza ili zichunguzwe. Zilikuwa fedha za watoto wa vibarua wanaohama-hama, za wanaojifunza Kiingereza, za mafunzo ya walimu, za masomo ya jioni na ya likizo, na za madarasa ya watu wazima kama hili lenu. Halmashauri zilikuwa zimekwisha kupanga matumizi ya mwaka. Majimbo zaidi ya 20 yalikwenda mahakamani. Kabla mwezi haujaisha, Serikali Kuu ilitangaza kwamba fedha zote zitatolewa.

Mtu anaweza kusema, "Basi, mwisho walizipata, hasara iko wapi?" Fikirini habari ya mkulima. Mbegu zikifika baada ya mvua ya kupandia kupita, zimefika, lakini mavuno si yale. Wilaya isiyojua kama fedha itakuja haiwezi kumwahidi mwalimu kazi. Wilaya tajiri hungoja kwa akiba yake. Wilaya maskini haina akiba ya kungojea.

MASWALI MATATU

Ndugu wanafunzi, wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wako watu Marekani wanaofikiri hivyo juu ya wilaya zinazongoja fedha za Washington. Lakini kumbukeni Edgewood. Watu wale walijitoza kodi kuliko jirani zao, na bado hawakuweza kufikia. Msaada wa Serikali Kuu kwao ulikuwa ni kalamu, ni kitabu, ni mwalimu. Tunachojifunza ni kuutazama msaada kwa macho wazi. Kila fedha ya shule inapotangazwa, ulizeni maswali matatu.

La kwanza: Inatoka kwa nani, na ni sehemu gani ya fedha zote za shule yetu?

La pili: Imekuja na sharti gani, na je, fedha inatosha kulitimiza sharti hilo?

La tatu: Itakwisha lini, na siku hiyo nani atalipa?

KAZI YA DARASA

1. Someni tena hesabu za Edgewood na Alamo Heights. Toeni 356 katika 594. Jibu mtakalopata ndilo pengo kati ya mtoto mmoja na mwenzake.

2. Zungumzeni: Fedha za miaka ya korona zingekuwa zenu, mngetengeneza jengo au mngeajiri walimu? Kila upande utoe sababu zake.

3. Zungumzeni: Je, ni haki Serikali Kuu kuiwekea wilaya sharti kwa njia ya fedha? Kumbukeni sheria za mwaka 1964 na 1965, kumbukeni na sheria ya mwaka 1975, kabla ya kujibu.

4. Andikeni sentensi tatu juu ya shule iliyo karibu nanyi, mkijibu yale maswali matatu. Msipojua jibu, muulizeni mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati ya shule, na mlete majibu darasani.

Walimu, tafadhali sahihisheni tahajia ya maneno manne yaliyo ubaoni kabla darasa halijatawanyika.